Tairi Kubwa Kwenye Udongo Mweusi

Ruth aliiona njia kabla ya mume wake. Haikuwa njia ya kujivunia: alama mbili za magurudumu ya zamani zilikata kulia katikati ya migunga, zikapotelea kwenye majani yaliyolazwa na mvua. Alimgusa Jesse begani, akamwonyesha kwa kidole. Jesse hakupunguza hata mwendo. Aliitazama mita ya kilomita kwenye dashibodi, akasema bado. Aristides, msimamizi wa wachimba kisima, alikuwa amewaambia wakate kulia kilomita thelathini kutoka kwenye birika la ng'ombe, na mita ilikuwa inasoma ishirini na sita.

"Ile ni njia ya ng'ombe, Mama Violet," alimwambia mkewe.

Hivyo ndivyo walivyoipita njia ya nyumbani, mchana kweupe, wote wakiwa macho.

Kwenye kiti cha nyuma alilala Godlove, mdogo wake Jesse, mguu wa kulia umefungwa katikati ya mbao mbili kwa vitambaa na mipira ya baiskeli. Godlove alikuwa mwongoza wageni mlimani. Masika wageni huadimika, hivyo alishuka tambarare kule karibu na mpaka, akapata kibarua kwa wachimba kisima. Juzi bomba la chuma lilichomoka kwenye mnyororo likampiga muundi. Mfupa ulivunjika na kutoboa ngozi. Mganga wa zahanati alimsafisha, akamfunga, akampa dawa za maumivu, kisha akamwita Ruth pembeni. Alimwambia mgonjwa afike kwenye chumba cha upasuaji leo hii, au kesho mapema ikishindikana kabisa. Awe anavishika vidole vya mguu kila mara, na vikianza kuwa vya baridi alegeze vitambaa. Wakichelewa zaidi ya hapo, kidonda kitaoza na mguu utakatwa.

Mganga alidhani ananong'ona, lakini Godlove alisikia kila neno. Alikuwa ameahidiwa kwamba mwezi wa sita, kwa mara ya kwanza, angepandisha kundi la wageni yeye akiwa mkuu wa safari. Miaka yote aliyobeba mizigo ya watu na kupika kwenye mahema ya baridi ilikuwa kwa ajili ya mwezi huo. Bila mguu, hakukuwa na mwezi wa sita wala mwaka mwingine wowote.

Sasa tuseme ukweli kuhusu tairi za gari lile, maana bila hizo hadithi hii ingeishia hospitalini siku ileile kabla ya chai ya jioni.

Krismasi iliyopita, kama kila Krismasi, Wachagga walirudi mlimani kutoka kila walikokwenda kutafuta, na barabara ya udongo mwekundu ya kupanda Masama ikajaa magari yaliyong'arishwa. Mvua ikanyesha usiku wa mkesha. Asubuhi, watu wakitoka kanisani, pikapu ya Jesse ya milango minne iliteleza mbele ya shangazi zake wote, ikalala mtaroni chini ya migomba ya jirani. Wajomba walivua makoti wakasukuma. Hakuna aliyemsema vibaya, lakini walicheka, na kicheko hicho kilimkaa Jesse rohoni hadi mwezi wa pili. Akashuka Kiboriloni, kwa Theodory, fundi wake wa siku zote, akataka tairi kubwa kuliko zote zilizokuwepo.

Theodory alimwonyesha kibandiko mlangoni mwa gari kilichoandikwa saizi lililotengenezewa. Akamwambia anaweza kupanda hatua moja juu ya hapo bila tatizo, lakini anazotaka yeye ni hatua tatu, zitagusa madigadi akikata kona, zitaielemea injini, na nyingine ya akiba haitaingia kwenye nafasi yake chini ya bodi. Akamuuliza anakwenda nazo wapi hasa. Jesse akasema anakwenda juu. Theodory akazifunga.

Na kweli, kwa miezi miwili pikapu ilipanda Masama kwa madaha. Ilisimama ndefu, ikanguruma, watoto wakaifuata. Jesse alivimba kichwa kidogo, na nani asingevimba. Tairi la akiba lilibaki lile dogo la zamani, limening'inia chini ya bodi, kwa sababu Theodory alikuwa amesema kweli kuhusu nafasi. Jesse alipanga kulishughulikia baadaye.

Tambarare ilikuwa habari nyingine. Walipomchukua Godlove, korongo walilovuka asubuhi likiwa kavu lilikuwa limejaa maji nyuma yao, na ndipo Aristides alipowaelekeza njia hii ya mashariki: anzia kwenye birika, hesabu kilomita thelathini, kata kulia, utapanda hadi kwenye lami ya Ol Molog. Wingu lilikuwa limefunika mlima wote hadi chini. Hakukuwa na cha kuangalia isipokuwa nyasi, migunga na ile mita.

Mita ikafika thelathini. Hakuna njia. Ikafika thelathini na tano. Mvua ikaanza tena, nzito, na udongo ukabadilika kutoka wa kijivu kuwa mweusi, ule wa mbugani unaonata ukilowa. Tairi pana zilipanda juu ya tope badala ya kulikata hadi kwenye ardhi ngumu. Pikapu ikaanza kwenda ubavu. Jesse aliweka gia ya magurudumu manne na kushikilia usukani kwa nguvu, na kila mzunguko wa gurudumu ulizoa donge jipya, likabanwa kati ya tairi na madigadi ambako hakukuwa na nafasi hata ya kupitisha kiganja. Injini ilianza kuunguruma kwa taabu. Sindano ya joto ikapanda.

Walisimama. Jesse na Ruth wakashuka, wakachokonoa tope kwa chepe na kwa mikono, wakaendelea, wakasimama tena. Godlove aliuma pindo la blanketi kila gari lilipotikisika, na hakulalamika.

Waliingia kwenye kijikorongo wakati mwanga unaanza kupungua. Chini kulikuwa na mawe, na kutoka ilibidi kukata kona kali kushoto. Jesse alizungusha usukani hadi mwisho. Tairi la mbele kushoto likagusa ukingo wa madigadi, likakwaruza kwa mlio mrefu, na yeye akaongeza mafuta kwa sababu kusimama pale kulikuwa kubaya zaidi. Ukingo wa bati uliokwisha kupinda kwa tope ulichana ubavu wa tairi toka upande hadi upande. Upepo wote ulitoka kwa mara moja, na pikapu ikainamia kushoto.

Walipanda ukingo kwa rimu, wakasimama kwenye uwazi wa nyasi. Hapo Jesse alizima injini. Rejeta ilikuwa inatoa mvuke. Simu hazikuwa na mtandao.

Ruth alikuwa wa kwanza kushuka. Alikagua maji: dumu moja la lita tano lililobaki nusu, na chupa moja ndogo. Akaamua papo hapo kwamba ya dumu ni ya kunywa na ya kidonda, hayaguswi kwa jambo jingine. Ya rejeta aliyachota dimbwini, akayachuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne. Kisha akafungua chupa ya chai aliyojazia mtori asubuhi, akamlisha Godlove kijiko kwa kijiko. Ulikuwa bado vuguvugu.

"Vidole vikoje, shemeji?" Godlove aliuliza.

"Vya moto," alisema Ruth. Vilikuwa vuguvugu tu, kama ule mtori, na akalegeza kitambaa cha juu bila kumwambia.

Godlove akatazama dari la gari. Alipofungua mdomo tena alikuwa anaongea na kaka yake, taratibu, kama mtu anayejumlisha kichwani. Alisema ile mita haioni ardhi. Inachojua ni gurudumu limezunguka mara ngapi, na iliwekwa kwa gurudumu la zamani. Gurudumu kubwa likizunguka mara moja linakula ardhi zaidi, na mita haijui. Iliposoma ishirini na sita, wao walikuwa wameshatembea thelathini.

Jesse alielewa kabla sentensi haijaisha. Uso ulimshuka. Ile njia ya ng'ombe ndiyo ilikuwa njia, na mkewe alikuwa ameielekezea kidole. Alitamani Ruth aseme kitu, amtukane hata, lakini Ruth alikuwa anakinga maji ya mvua kwa turubai na hakuwa na nafasi ya kugombana. Jesse akachukua tochi kwa aibu, akaenda kulala chini ya gari kwenye tope kulifungua lile tairi dogo.

Usiku ulipita kama unavyopita usiku wa namna hiyo, kwa baridi na kwa kusikiliza pumzi za mgonjwa. Fisi walilia mbali, wakanyamaza. Alfajiri paji la uso la Godlove lilikuwa la moto kuliko ilivyofaa.

Ruth alisafisha kidonda kwa maji ya dumu aliyoyachemsha kwenye kopo. Pembeni pa jeraha ngozi ilikuwa imevimba na kuwa nyekundu, na kulikuwa na harufu kidogo. Alifunga tena kwa kipande safi cha kanga. Alipoinuka aligeuka kusini, na wingu lilikuwa limepasuka.

Kibo kilionekana chote, cheupe kwa theluji mpya. Jesse alitoka chini ya gari, akakiona, akapata nguvu. Kwa mtu wa Masama mlima ukionekana hakuna kupotea: mlima ni juu, na chini yake ni nyumbani. Alisema sasa mambo ni rahisi. Watageuza, warudi magharibi kwa alama zao wenyewe mpaka kwenye ile njia, wapande Ol Molog. Tope wanalijua, wamelipita tayari.

Ruth alikuwa anautazama mlima kwa makini, kichwa amekiinamisha upande. Ruth alizaliwa Tarakea, Rombo, na kwa miaka yote ya ndoa Jesse na ndugu zake walikuwa wakimtania kwamba ametokea nyuma ya mlima, uani kwa Kibo kunakofuliwa nguo. Naye alikuwa akiwajibu kwamba mlima umegeukia Rombo, wao wa Masama wanaona mgongo.

"Mawenzi ile," alisema.

Kushoto kwa Kibo, mbali kidogo, meno meusi ya Mawenzi yalikuwa yamejitenga, wazi kabisa, na kati ya vilele viwili kulikuwa na mgongo mrefu wa mawe. Jesse aliiona, akasema ndiyo, ni Mawenzi, kwani ina nini.

Ruth alimweleza. Mjomba wake alilima viazi Kamwanga, upande wa kaskazini, na utoto wake wote alikwenda huko likizo. Ukisimama Ol Molog, Mawenzi huioni, imejificha nyuma ya Kibo. Ukizunguka kuja kaskazini ndiyo inaanza kuchomoza kushoto, na kadiri unavyosogea inajitenga zaidi. Pale walipo imejitenga namna hii, basi wamevuka Ol Molog zamani. Wako kaskazini kabisa, karibu na Kenya, na ukiingia moja kwa moja kuelekea mlimani utaikuta lami ya Kamwanga. Pengine nusu ya umbali wa kurudi, na udongo wa huko una mawe.

"Kule hatujui kuna nini katikati," alisema Jesse.

"Huko nyuma tunajua. Kuna siku nzima ya tope, na Godlove hana siku nzima."

Jesse aliutazama mlima. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona hivyo, umegeuzwa, Mawenzi upande usio wake, na akili yake yote ilimwambia kuna kosa. Kwao Mawenzi huwa kulia. Kila ng'ombe aliyemchunga na kila njia aliyopita tangu utotoni ilipangwa kwa mlima uliokaa vile, na miguu yake haikutaka kuamini mwingine. Akageuka akamtazama mdogo wake kupitia dirishani. Godlove alikuwa ameufumba mdomo na jasho linamtiririka.

"Haya," alisema Jesse. "Nielekeze wewe. Safari hii sibishi."

Kisha akachukua nyundo. Pikapu ile alikuwa akiiosha kila Jumamosi kwa sabuni ya nywele, na madigadi yake aliyapaka rangi upya mwaka jana. Alianza na la kushoto. Alilipiga ukingo wa bati ukakunjika juu na ndani, akang'oa plastiki iliyofunika, akaenda kulia akafanya vilevile, mpaka magurudumu ya mbele yakawa na nafasi ya kugeuka bila kugusa. Mlio ulisikika bonde zima. Godlove alicheka kwa mara ya kwanza tangu aumie, kicheko kidogo cha mtu mwenye homa.

"Shangazi watasema umegonga, kaka," alisema.

"Wacha waseme."

Tairi dogo lilikaa mbele kushoto, na gari likawa na kilema cha wazi. Jesse alijua vizuri tatizo lake. Magurudumu ya saizi tofauti yakifungwa pamoja kwa gia ya magurudumu manne yanavutana, moja linataka kwenda haraka kuliko jingine. Kwenye tope hakuna neno, tairi litateleza kidogo na mvutano utaisha. Kwenye ardhi ngumu hakuna pa kuteleza, na kitu fulani chini ya gari kitakatika. Alipunguza upepo kwenye yale matatu makubwa, yakalala kidogo, yakakaribia kimo cha lile dogo. Alipunguza kwa tahadhari kwa sababu pampu hakuwa nayo, na tairi lililolegea sana huchomoka kwenye rimu.

Wakaondoka, mlima mbele yao.

Ikawa kazi ya kushuka na kupanda. Penye tope Jesse aliruka nje, akazungusha vifungo kwenye vikombe vya magurudumu ya mbele ili nayo yavutwe na injini, akaweka gia ya manne, wakapita. Penye changarawe aliruka tena akafungua, wakaenda kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Usukani ulikuwa unavuta kushoto muda wote na mikono ilimuuma hadi mabegani. Lakini hawakukwama. Tope lililozolewa lilikuwa na pa kudondokea sasa, na lile tairi dogo jembamba lilikata udongo vizuri kuliko kubwa lolote. Jesse aliliona hilo na hakulisemea. Ruth alikaa nyuma, kichwa cha Godlove pajani, akiangalia Mawenzi kupitia kioo na kusema kushoto kidogo, au nyoosha.

Wakiwa njiani simu ya Ruth ililia. Ujumbe wa kampuni ya simu ulimkaribisha Kenya na kumtakia safari njema. Salio la kupiga kutoka huko hakuwa nalo. Alimwonyesha Jesse kioo cha simu, naye akatikisa kichwa kukubali. Wote wawili walicheka, na gari likaenda.

Korongo la mwisho walilisikia kabla ya kuliona. Maji yalikuwa ya kahawia, yanakwenda kasi, na ng'ambo ukingo ulipanda wima kwa jabali tupu la volkano ya zamani. Juu yake, umbali wa kutupa jiwe mara chache, nguzo za umeme zilionekana zimejipanga. Umeme ulimaanisha barabara.

Ruth alivua viatu, akakunja gauni, akaingia majini na fimbo. Maji yalimfika mapajani, yakamsukuma, akasimama imara na kuchoma fimbo mbele yake hatua kwa hatua. Chini kulikuwa na kokoto ngumu. Alifika ng'ambo, akapanda jabali kwa mikono, akarudi.

"Maji yanapitika," alisema akihema. "Lakini ule mpando hautaki magurudumu mawili. Umelowa."

Jesse alikuwa ameshaona. Magurudumu ya nyuma peke yake yangezunguka bure kwenye jabali lenye maji, gari likarudi nyuma mtoni na mgonjwa ndani. Magurudumu manne yangepanda. Lakini lile lilikuwa jabali, ardhi ngumu kuliko zote, na tairi moja dogo. Kitu kingekatika. Swali lilikuwa kitakatika juu au katikati.

Alimshika Godlove vidole vya mguu. Safari hii vilikuwa vya baridi, ingawa Ruth alikuwa amelegeza vitambaa vyote. Hapo hofu ilimwingia kikweli, na palepale ikamwondolea wasiwasi wote kuhusu gari. Akafunga vifungo vya mbele, akaingia, akaweka gia ya manne na gia ndogo kabisa. Akamwambia Ruth amkumbatie Godlove kwa nguvu na asimwachie kwa lolote.

Waliingia majini polepole. Maji yalipiga mlango, yakapenya, yakajaa miguuni. Pikapu ilisogezwa upande na mkondo, na tairi kubwa za nyuma zikashika kokoto na kuisimamisha. Magurudumu ya mbele yakagusa jabali, yakapanda. Jesse hakuongeza mafuta wala hakupunguza. Chini ya sakafu kitu kilianza kulia, mlio wa chuma kinachosokotwa, ukapanda hadi ukawa ukelele. Pua ya gari ilitazama mbinguni. Ruth aliomba kwa sauti, kwa Kirombo, lugha ambayo Jesse hakuwahi kuisikia vizuri kama siku ile.

Magurudumu ya nyuma yalitoka majini. Yakateleza, yakashika. Pua ikaanza kushuka kuelekea usawa, na hapo ndipo chuma kilipokatika, kishindo kimoja kikubwa chini ya miguu yao, na kipande kikagonga sakafu mara tatu. Gari lilisita. Lilikuwa limebakiza urefu wake mwenyewe tu. Jesse alikandamiza mafuta hadi mwisho, na magurudumu ya nyuma peke yake, yakifuka moshi, yakaisukuma ile pikapu iliyovunjika ikamaliza mpando, ikasimama kwenye majani.

Jesse alishuka, akalala chini, akatazama. Mtaimbo wa mbele, ule unaozungusha magurudumu ya mbele, ulikuwa umekatika na kuning'inia. Aliuinua akaufunga kwa waya kwenye bodi, akafungua vifungo vya magurudumu, akarudi kwenye usukani. Alikuwa na furaha isiyo na kiasi. Walifuata nguzo za umeme. Muda si mrefu magurudumu yakapanda lami, na kimya kilichofuata, baada ya kutikisika tangu jana, kiliwatoa machozi wote watatu.

Ruth alijua barabara ile kama jikoni kwake. Walipita Kamwanga, wakapita Tarakea bila kusimama, mama zake wadogo wakiwa sokoni na hawana habari, wakateremka Rombo. Watu waligeuka kuitazama pikapu iliyoinama upande mmoja, bati limekunjwa, tope hadi kwenye paa. Mchana waliingia lango la hospitali, na wahudumu wakamtoa Godlove na mbao zake.

Daktari wa mifupa aliyeitwa Stella alikaa naye kwenye chumba cha upasuaji hadi jua likaanza kulegea. Alipotoka aliwatafuta kwenye benchi. Aliwaambia ameondoa nyama iliyokuwa imeanza kuharibika na kufunga mfupa kwa chuma. Mguu utabaki. Ila wangefika jioni, asingeweza kusema hivyo. Ruth alifunika uso kwa kanga yake iliyobaki nusu, akalia kwa sauti. Jesse aliuliza kuhusu mwezi wa sita. Daktari hakuelewa, na alipoelezwa alitikisa kichwa. Kwa mlima, labda mwakani. Wangemleta jana mchana, kabla kidonda hakijaoza, pengine ingekuwa mapema zaidi.

Jesse alishukuru. Akatoka nje, akapita lango, akatembea na tope lake hadi kwenye kihamba cha kwanza alichokiona. Kando ya njia mpaka wa shamba ulikuwa umepandwa masale, marefu, majani mabichi. Isale la mpaka wa mtu halichumwi bila ruhusa, basi akabisha hodi, akamwamkia mama mwenye shamba shikamoo, akaomba jani moja. Mama yule, Elisifa, alimtazama toka kichwani hadi miguuni. Wachagga wote wanajua jani hilo linaombewa nini, kwa hiyo hakumuuliza. Alikwenda mwenyewe akalikata, akampa.

Godlove alikuwa macho, mdomo mkavu, mguu umeinuliwa juu ya mito. Ruth alikuwa ameshamwambia kuhusu mwezi wa sita. Naye alikuwa ameugeuzia ukuta uso.

Jesse alisimama kando ya kitanda. Mara nyingi ni mdogo anayempelekea mkubwa isale kuomba msamaha, au mtoto anampelekea baba, na anayelipokea amesamehe. Mkubwa kumpelekea mdogo si jambo la kila siku, na wagonjwa wa vitanda vya jirani, wengi wao wazee wa Kirombo, waliacha mazungumzo yao. Jesse alilifunga jani fundo katikati, akalishika kwa mikono miwili, akapiga magoti kwenye sakafu ya wodi.

"Ruth aliiona njia," alisema. "Nilitaka mita iseme kweli kwa sababu nilitaka tairi ziwe sawa. Nisamehe, mdogo wangu."

Godlove aligeuza uso taratibu. Alilitazama jani muda mrefu kuliko Jesse alivyoweza kuvumilia, kisha akautazama mguu wake, kisha jani tena. Mwezi wa sita wote ulikuwa pale kati yao. Akajiinua kwa kiwiko, meno ameyauma kwa maumivu, na Ruth alipotaka kumsaidia akamkatalia. Alitaka kukaa vizuri kwanza. Alipokaa, alinyoosha mikono yote miwili, akalipokea.